Zamu ya Nyumba Yetu: Imani ya Bibi Mwaka Kahawa Ilipoanguka

Jumamosi moja ya Novemba 2001, kabla hakujapambazuka vizuri, watu kama ishirini walikuwa njiani kuja kusali nyumbani kwetu, na ndani hapakuwa na sukari wala majani ya chai. Bibi alijua kuwa wanakuja. Wiki moja kabla, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala alikuwa amemwambia kwa upole kwamba akitaka zamu yake irukwe, itarukwa tu, hakuna atakayeuliza. Kila mtu kijijini alijua hali ya kihamba chetu, yaani shamba letu la nyumbani, mwaka ule. Bibi akakataa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nimetoka kufanya mtihani wa darasa la saba, na niliona Bibi anataka kutuaibisha bila sababu.

Leo mimi ni afisa ugani. Kazi yangu ni kuingia kwenye mashamba ya watu na kuuliza ilikuwaje hadi mwaka ukawa hivi. Kisa cha Bibi nimekitafakari kwa miaka mingi, na nataka kukiandika kama ninavyoandika kisa cha shamba lolote: hali ilivyokuwa, alichoamua, kilichofuata, alipopatia na alipokosea. Imani ya mabibi wa mlimani husimuliwa sana kwa machozi na rozari. Machozi yalikuwepo, na rozari ilikuwepo kila jioni. Lakini mimi nimekuwa nikitafuta kitu kingine: imani ile ilifanya kazi gani hasa, pale shambani, wakati pesa imekwisha.

Hali ilivyokuwa

Kihamba chetu kiko kwenye mteremko wa Kilimanjaro, upande wa Vunjo, mwendo wa kutembea kutoka Kilema. Ni kama ekari moja na nusu. Migomba ya mshare, mibuni chini yake, miruka na miringaringa juu ikitoa kivuli, ng'ombe mmoja zizini, makaburi ya wazee upande wa nyuma, na mfongo, yaani mfereji wa maji, ukipita juu kabisa mpakani. Wachaga wamelima migomba namna hii tangu zamani sana, lakini kahawa ni mgeni. Ililetwa Kilema na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Bibi alikuwa akisema kwamba padre alipanda mlima ameshika msalaba mkono mmoja na mche wa kahawa mkono wa pili. Kwake vitu hivyo viwili vilikuwa ndugu. Mibuni ilisomesha baba yangu, ilileta bati badala ya majani ya mgomba, ilizika wazee kwa heshima. Babu naye aliizungumzia KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa kilichoanza mwaka 1933, kama mtu anayezungumzia ukoo wake. Serikali ilipofuta vyama vikuu mwaka 1976 aliendelea kusema "chama chetu" mpaka kiliporudi mwaka 1984.

Kwa hiyo kahawa ilipoanguka, pesa haikuwa kitu pekee kilichoanguka.

Sababu za anguko lile zilikuwa mbali kuliko tulivyoweza kuona kutoka kihambani. Julai 1989 mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, na kila nchi ikauza kadiri ilivyoweza. Vietnam ikapanda kahawa kwa wingi mno hadi ikawa ya pili duniani nyuma ya Brazili. Kufikia mwaka 2001 bei ya dunia ilikuwa chini kuliko ilivyowahi kuwa kwa miongo mitatu. Huku kwetu ruzuku ya pembejeo ilikuwa imeondolewa, na dawa sasa ilinunuliwa kwa bei ya dukani. Hapo ndipo chulebuni ilipotupata. Ni ugonjwa wa ukungu unaoshambulia punje zikiwa bado mbichi. Zinapata madoa meusi, zinakauka, zinaanguka. Unapenda unyevu na baridi, yaani unapenda mlima wetu. Njia ya wakati ule ilikuwa kunyunyizia mrututu, dawa ya shaba, mara kadhaa kwa msimu, kuanzia kabla ya masika kushika. Asiye na mrututu na bomba la mgongoni alibaki kuangalia punje zikidondoka.

Babu alifariki mwaka 1999. Wazazi wangu walikuwa wametangulia. Bibi alibaki na wajukuu watatu, mibuni kama mia nne iliyozeeka, na baba mdogo aliyekuwa akiishi Arusha na kuja mwisho wa mwezi. Msimu wa 2001 tulipeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi, mizigo michache ya kubeba kichwani, tukapata malipo ya kwanza. Bibi alizihesabu zile noti mara mbili akazifunga kwenye pindo la khanga. Hazikutosha hata dawa ya msimu uliofuata. Serikali ilikuwa imefuta ada ya shule za msingi mwaka huohuo, na wadogo zangu wawili walinufaika. Mimi nilikuwa natazamia sekondari, na huko ada ilikuwa palepale.

Sauti tatu

Baba mdogo alisema tung'oe mibuni yote tupande nyanya. Alikuja na karatasi, akaandika: miche, mbolea, madebe, bei ya sokoni Arusha. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Naisema hivyo kwa sababu katika visa kama hivi mtoto wa mjini mwenye kalamu hufanywa adui, na baba mdogo hakuwa adui. Alikuwa mtu aliyemwona mama yake akipungua mwili.

Sauti ya pili ilikuwa ya mhubiri mmoja wa kupita, aliyesema shamba limefungwa na linahitaji kufunguliwa kwa mafuta na sadaka maalumu. Bibi alimkaribisha, akampa maji ya kunywa, akamsindikiza hadi kwenye mimea ya masale mpakani. Mhubiri hakurudi.

Ya tatu ilisikika siku ya kupima kahawa. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni alisema kwa uchungu kwamba Mungu anatuadhibu, kwamba kizazi hiki kimemwacha ndiyo maana kahawa haina bei. Watu wakaitikia kwa vichwa. Bibi, ambaye hakuwa mtu wa kubishana hadharani, alisema, "Mungu hanunui kahawa." Akanyamaza, akasogeza mzigo wake mbele.

Nimelirudia neno lile mara nyingi kuliko mahubiri yote niliyoyasikia. Bibi hakujua lolote kuhusu mgao wala Vietnam. Hakujua kwamba bei ya arabika yetu hupangwa kwa kutazama soko la New York. Lakini alijua kutenganisha. Katika rozari ya jioni aliweka nia zake kwa utaratibu usiobadilika: marehemu, mvua, ng'ombe, sisi wajukuu, na mwisho "wale wanaonunua kahawa, wapewe moyo wa haki". Hakuomba bei ipande. Aliwaombea watu wanaopanga bei. Mtu anayeamini kwamba taabu yake ni adhabu hujificha, kwa sababu kila anayemtazama anaona dhambi yake. Bibi hakuwa na sababu hiyo ya kujificha, na hapo ndipo ninapoona mwanzo wa yote yaliyofuata.

Maana mwaka ule watu walijificha. Jambo hili halimo kwenye taarifa za bei, na mimi nimeliona tena na tena kazini. Kahawa ilipoanguka, milango ya vihamba ilifungwa. Asiye na cha kuweka kapuni hakwenda Misa. Asiye na kitenge kipya cha WAWATA, chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania, hakwenda kwenye kikao cha akina mama. Aliyedaiwa dukani alipita njia ya mfongoni ili asionekane barabarani. Jirani yetu wa upande wa juu, mzee aliyelima kahawa vizuri kuliko yeyote kitongojini, aliacha kwenda chamani, akaacha jumuiya, akaacha hata kukaa kwenye pombe ya mbege na wenzake. Mibuni yake ikaota magugu. Ndani ya stoo yake kulikuwa na bomba la mgongoni zima kabisa, limening'inia kwenye msumari, na sisi nyumba ya pili tulikuwa tunapoteza punje kwa kukosa bomba. Hatukujua. Hakuna aliyeingia kwake, naye hakuingia kwa mtu.

Zamu ya nyumba yetu

Jumuiya ndogo ndogo, kwa msomaji asiyezijua, ni familia jirani za Kikatoliki zinazokutana kila wiki kusali na kusoma Neno, leo kwangu, wiki ijayo kwako. Kule kwetu ni alfajiri ya Jumamosi, kabla watu hawajaenda mashambani au sokoni. Kila nyumba ina zamu. Hakuna sheria kwamba mwenye nyumba atoe chai, lakini kila mtu anatoa.

Ijumaa jioni Bibi alinituma nikate mchaichai uliokuwa umeota karibu na zizi. Alichemsha maharage, akamenya mshare, akapika kiburu kisicho na mafuta. Alifagia uwanja wote mpaka kwenye makaburi. Nilimuuliza kwa nini asiseme tu kwamba anaumwa. Alinitazama, wala hakuonyesha hasira, akaniambia, "Zamu ni yetu."

Walikuja na khanga zimelowa umande. Tuliimba, tukasoma, katekista akasema maneno machache. Kisha ukafika wakati wa nia, kila mmoja akiomba kwa sauti na wengine wakiitikia, "Ee Bwana, utusikie." Watu waliomba mambo ya kawaida: wagonjwa, wasafiri, amani ya nchi. Ilipofika zamu ya Bibi alisema hivi, na nayakumbuka maneno yake kwa sababu nilitamani ardhi ipasuke: "Mimi sina dawa ya kahawa. Sina bomba. Mjukuu wangu huyu anatakiwa aende sekondari Januari na sina ada. Namwomba Mungu, na ninyi mnasikia."

Watu walichelewa kuitikia. Katekista ndiye aliyeanza, "Ee Bwana, utusikie," na wengine wakamfuata kwa sauti ya chini.

Na ninyi mnasikia. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa jinsi alivyoyapanga maneno yale. Lilikuwa ombi kwa Mungu, la kweli, na palepale lilikuwa taarifa kwa jirani. Hakumwomba mtu yeyote kitu. Hakuna aliyelazimika kujibu wala aliyeweza kusema hakuambiwa. Utaratibu wa ibada ulimpa njia ya kusema "sina" mbele ya watu ishirini bila kugeuka ombaomba, na sidhani kwamba mwaka ule palikuwa na mahali pengine kijijini ambapo neno hilo lingesemeka.

Halafu mama aliyekuwa amekaa kwenye gogo karibu na mlango, ambaye zamu yake ya kuomba ilikuwa imeshapita, akasema hata yeye hana. Akafuata mwingine. Kabla ya sala ya mwisho ilijulikana kwamba zaidi ya nusu ya nyumba zile hazikuwa na mrututu, na kila nyumba ilidhani iko peke yake.

Sitaki mtu asome hapa muujiza. Hakuna aliyetoa pesa mfukoni siku ile. Walikunywa mchaichai, wakala kiburu, wakakaa muda mrefu kuliko kawaida. Mama mmoja ndiye aliyekumbuka kwamba shemeji yake, yule mzee wa juu, alikuwa na bomba. Jumatatu Bibi alibeba mkungu wa ndizi akaenda kwake, na nikaenda naye. Mzee alifungua mlango akiwa amevaa koti. Walizungumza kuhusu marehemu Babu kwa saa nzima. Bomba lilitajwa mwishoni kabisa, karibu na kuaga. Mzee akalitoa, akalifuta vumbi kwa kiganja, akasema bila kuulizwa kwamba mpira wake umekauka na yeye anajua kuubadilisha.

Nyumba tisa zilichanga kidogo kidogo, zikanunua mrututu kwa pamoja. Februari 2002 tulianza kunyunyizia, na mpangilio haukuwa wa kubuni: bomba lilifuata zamu za jumuiya. Nyumba iliyosaliwa Jumamosi, bomba lilikuwa kwake wiki hiyo. Mzee alipita nalo nyumba kwa nyumba kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kulibeba. Msimu ule punje nyingi zaidi zilibaki mtini. Bei ilikuwa bado mbaya, na hesabu ya baba mdogo ilikuwa bado sahihi.

Alipokosea

Hapa ndipo wenzangu wa ukoo hawapendi nizungumze, lakini kisa kikiandikwa nusu hakimsaidii mtu.

Miaka ya nyuma, Babu akiwa hai, Bibi alikuwa ameahidi kutoa mabati kwa ajili ya kigango, kanisa letu dogo la kijijini. Hakuna aliyemdai. Katekista alimwambia waziwazi asubiri. Desemba 2001 aliuza mbuzi jike, ambaye sote tulijua kuwa ni wa sare na vifaa vyangu vya shule, akatimiza ahadi ile. Nilianza kidato cha kwanza mwishoni mwa Februari badala ya Januari, kwa mkopo wa mama mmoja wa jumuiya, nikiwa na sketi ya kuazima. Nilikasirika kwa muda mrefu. Baba mdogo hakuzungumza na Bibi mpaka Pasaka.

Nilimuuliza miaka kadhaa baadaye. Alisema, "Nilisema mbele za watu." Ni maneno ya mtu mwaminifu, na bado naamini alikosea. Mwanamke yuleyule aliyeweza kusimama mbele ya jumuiya na kusema sina dawa, sina bomba, sina ada, hakuweza kusema sina mabati. Imani yake ilimpa ujasiri wa kufungua njaa yake kwa jirani, lakini haikumruhusu kumwambia Mungu kwamba deni lisubiri. Nimeona jambo hilo kwa akina mama wengi tangu hapo, wanaotoa cha mtoto ili neno lao lisianguke, na linaniumiza kila mara. Jumuiya ile ingemwelewa katika dakika moja. Nafikiri hata Mungu aliyekuwa akimwomba angemwelewa.

Kosa la pili lilikuwa la shamba. Mibuni yetu ilikuwa imezeeka, mirefu, matawi juu tu. Tiba yake inajulikana: unakata mti kama sentimita 30 kutoka ardhini, kisiki kinachipua, unachagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, unayatunza, na baada ya misimu kama miwili unavuna tena. Bwana shamba alimwambia. Bibi alikataa kabisa. Mibuni ile ilipandwa na baba mkwe wake, na kuipiga panga aliona kama kukata tamaa. Alisema ataingoja. Alichanganya kumngoja Mungu na kuungoja mti, na mbuni uliozeeka hauwi kijana kwa kungojwa. Tulipoteza misimu mitatu hapo.

Kilichombadilisha kilikuwa njia. Mwaka 2003 jumuiya ilisali kwa mama mmoja wa upande wa pili wa korongo, na ili kufika mlangoni ilibidi kupita katikati ya kihamba chake. Alikuwa amekata visiki mwaka uliotangulia. Bibi alisimama. Machipukizi yalikuwa yamefika kifuani, majani mapana yanang'aa, hayana hata doa la ugonjwa wa kutu. Alishika jani moja akaligeuza, tukachelewa kuanza kuimba. Jumatatu alinipa panga akasema nikate mstari mmoja, wa chini, na nisimwite aje kuangalia.

Maofisa ugani wa siku zile walikuwa wachache na hawakufika kwetu kwa miezi. Ila kila wiki watu ishirini walipita shambani kwa mtu, wakaona mibuni yake, zizi lake, mfongo wake kama umezibuliwa. Hakuna aliyeiita semina. Ninapofika kijiji kipya leo, kabla ya kuitisha mkutano wowote naulizia jumuiya husali lini na wapi, na kule tambarare kwa jirani zetu Waislamu naulizia akina mama wa madrasa hukutana siku gani.

Swali ambalo wenzangu kazini huniuliza ni kama imani ilihitajika kweli. Si ni ushirika tu? Wangeweza kuunda kikundi cha bomba bila rozari. Pengine. Lakini mwaka 2001 vikundi vilikuwepo, na viliganda, kwa sababu kila kikundi kilihitaji mchango wa kuingilia, na aliyekosa alibaki nje. Jumuiya ilibaki kuwa mkutano pekee ambao mtu aliweza kuuhudhuria akiwa hana kitu, na hata akiwa hana kitu zamu yake ilifika. Bibi alikwenda kwa sababu aliamini Mungu yuko pale. Angekuwa anafuata bomba, angeacha baada ya wiki mbili.

Baba mdogo alipewa ukanda wa juu kando ya mfongo akapanda nyanya zake. Zililipa ada yangu ya kidato cha pili na cha tatu. Bibi alizipalilia mwenyewe, na akaziongeza kwenye nia za jioni, baada ya ng'ombe.

Mwaka 2005 kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo, ambacho tangu 2001 kilikuwa chini ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, kilitoa miche chotara inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mwaka uliofuata jumuiya ilipata miche, na siku ya zamu yetu watu walikuja na majembe. Walisali kwanza. Kisha wakaanza mashimo, futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, udongo wa juu upande mmoja, wa chini upande mwingine. Yule mzee wa bomba alikuja amevaa koti lake lilelile, akapima mistari kwa kamba. Akamuuliza Bibi aanzie wapi. Bibi alitembea taratibu mpaka kwenye mibuni mikubwa ya baba mkwe wake, ile ambayo hakuturuhusu kuigusa, akaweka mkono kwenye shina la kwanza.

"Hapa," akasema. "Huu ung'oeni."